Namba ya Simu Isiyo na Mwenyewe

Wifi yangu Yuster hajawahi kuwa mtu wa kukaa. Nimeolewa kwa kina Mashimba hapa Nyakahura miaka kumi na minne sasa, na sikumbuki kumwona akimaliza chai akiwa ameketi. Hunywa amesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, macho yakiwa zizini, akihesabu ng'ombe wa baba yake kana kwamba wameongezeka tangu alfajiri. Shule aliishia kidato cha nne. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu vizuri somo la hesabu tu, na hesabu peke yake haikumfikisha popote. Aliolewa Runzewe, ndoa ikavunjika baada ya miaka mitatu, akarudi nyumbani na sanduku moja. Kwa kuwa mwandiko wake unasomeka na karatasi hazimpotei, wafugaji walimchagua awe kerani wa josho. Kila wiki aliandika nani kaogesha ng'ombe wangapi, na kwa miaka sita hakuna aliyelalamika.

Januari mwaka jana ulikuja mradi wa chanjo ya mifugo. Uliletwa na kijana anayeitwa Danstan, akiwa na kishikwambi kimoja. Alimfundisha Yuster kwa asubuhi moja tu: weka jina la mfugaji, idadi ya ng'ombe, namba ya simu, kisha tuma. Siku ya chanjo ikifika, kila mtu angepata meseji kwenye simu yake.

Siku ya kwanza Yuster alianzia nyumbani. Alimwandika baba mkwe wangu, mzee Mashimba, kisha mume wangu Jeremia, kisha majirani wanaotuzunguka. Jumla watu kumi na saba. Jioni Danstan akapiga simu, akasema ameelekezwa kwamba namba zisianze na sifuri, zianze na 255, kama anavyoandika mtu aliye nje ya nchi.

"Na hizi kumi na saba nizirudie?" Yuster alimuuliza.

"Ziache. Endelea na wengine."

Basi akaendelea. Alitembea wiki tatu, boma kwa boma, viatu vikamwisha. Alipomaliza alikuwa ameandika wafugaji mia nne na kumi na wawili.

Siku ya chanjo ilikuwa Machi, katikati ya mvua. Mimi na Jeremia tulifikisha ng'ombe wetu joshoni asubuhi, nikashangaa kukuta pako wazi. Wataalamu walikuwa wamesimama na maboksi yao ya baridi, wanatazama njia. Zilikuja kaya kumi na saba, na wachache waliotuona tukipita wakatufuata. Yuster alizunguka njia panda iliyo karibu na josho kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Aliwapigia watu, lakini wengine walikuwa wameshapeleka mifugo malishoni mbali. Saa tisa wataalamu wakafunga maboksi, wakaondoka.

Aprili ukaingia ugonjwa wa mapele ngozi. Mzee Bulugu, anayekaa ng'ambo ya kijito, alipoteza mitamba miwili na dume la kulimia. Bulugu na baba mkwe wangu walitoka Shinyanga pamoja wakiwa vijana, wakiswaga mifugo na kulisha njia nzima mpaka huku. Hakuja kwetu kuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, akataka kuiona orodha ya mradi. Mtendaji akaomba nakala, ikachapishwa, ikaja, na kesho yake kikao kikaitishwa.

Nilikaa nyuma ya Yuster siku ile. Karatasi zilipita mkono kwa mkono, na kila aliyezishika alizisoma mara mbili. Majina yalikuwa sawa. Idadi ya ng'ombe ilikuwa sawa. Lakini kwenye safu ya simu, jina baada ya jina, ukurasa baada ya ukurasa, ilikuwa namba moja tu: 2147483647.

"Binti Mashimba," Bulugu alisema, "hii simu ni ya nani?"

"Sijui, baba."

"Si wewe uliyeandika?"

"Niliandika namba yako. Naijua kwa kichwa." Akaitaja yote, hakukosea.

"Ndiyo yangu. Sasa hapa iko wapi?"

Yuster aliinamia karatasi. Vidole vyake vilikuwa vinachambua ukingo wa benchi.

"Wajukuu wamenihesabia," Bulugu akaendelea, bila kupaza sauti. "Watu mia tatu tisini na tano wana simu hii moja. Watu kumi na saba wana simu zao wenyewe. Na hao kumi na saba wote wanachota maji kisima kimoja na wewe."

Mtu mmoja akaipiga ile namba palepale. Sauti ya mashine ikasema namba si sahihi. Mwingine akasema labda mwenyewe ameshaitupa laini, kwa kuwa alichotaka amekipata. Wakaanza kumtaja dalali fulani wa ng'ombe, kwamba huenda alitaka watu wafiwe na mifugo ili wauze kwa woga. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba Yuster alishirikiana naye, ila hakuna aliyemtazama usoni. Mtendaji akaomba daftari la josho. Akasema atalitunza ofisini mpaka jambo lieleweke.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikuwa na utulivu. Danstan alipigiwa mara nyingi, akawa hapokei. Yuster aliiandika ile namba nyuma ya kalenda ya kanisa, na akaanza kuigawanya. Mwanzoni alifikiri mashine imezijumlisha namba zote au imezichanganya kwa njia fulani, na kwamba akipata inagawanyika kwa namba gani, ataona ilikotoka. Aligawa kwa mia nne na kumi na mbili. Aligawa kwa mia tatu tisini na tano. Akagawa kwa kumi na saba, ikabaki nane. Nikimkuta shambani, jembe liko chini na yeye anachora kwa kijiti kwenye udongo.

"Wifi, tazama," aliniambia siku moja jikoni, wakati mimi napepeta mtama. "Kwa tatu inabaki moja. Kwa saba inabaki moja. Kwa tisa, moja. Kwa kumi na moja, moja. Kila nikiishika inaponyoka kwa moja."

"Na kumi na tatu?"

"Inabaki kumi."

"Basi si kila mara moja."

"Ndiyo, lakini haiishi bila baki," alisema. "Namba kubwa hivi, haikosi kitu cha kuigawa. Kwa nini haiishi?"

Mimi hesabu ziliniacha darasa la tano. Nilichojua ni kwamba alikuwa amekonda, na kwamba baba yake alikuwa amekoma kwenda mnadani kwa aibu. Nilimwambia aende kwa mtu anayejua. Akasema yuko mmoja tu, mwalimu Bizimana, aliyemfundisha hesabu sekondari na sasa amestaafu kwao Ntobeye. Hajawahi kurudi kumwona tangu matokeo yatoke. Anaona haya.

Mzee Mashimba aliposikia akasema asiende peke yake. Ndivyo nilivyofika Ntobeye kwa mara ya kwanza. Tulipanda gari la abiria mpaka Benako, kisha bodaboda kwenye njia ya utelezi, katikati ya migomba isiyokwisha. Kwetu mtu huona mbali. Kule hata nyumba ya jirani huioni mpaka uingie uani.

Mwalimu tulimkuta amechuchumaa mbele ya mkeka wa kahawa, anachagua mbivu na mbichi. Ni mzee mfupi, sikio moja halisikii, na hapendi kukatishwa kazi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Yuster Mashimba. Ulinifundisha."

Alimwangalia. "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika jibu kabla sijamaliza swali. Nusu ya majibu yako yalikuwa mabaya. Karibuni."

Mkewe, mama Bonifasia, akatuletea viti na ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage. Yuster hakugusa chakula. Alitoa ile kalenda, akaiweka mbele ya mwalimu bila maelezo. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akaacha kahawa.

"Umeitoa wapi hii?"

"Unaijua?"

"Naijua vizuri kuliko namba yangu mwenyewe ya simu. Umeitoa wapi?"

Yuster akasimulia yote: kishikwambi, mia nne na kumi na wawili, kikao, mitamba ya Bulugu. Mwalimu akampa kalamu.

"Usiamini mdomo wangu. Andika moja. Izidishe kwa mbili. Jibu lizidishe tena kwa mbili. Fanya hivyo mara thelathini na moja, ukihesabu."

Aliandika amesimama, karatasi ukutani. Mbili, nne, nane, kumi na sita. Mara ya kumi akafika elfu moja na ishirini na nne. Mara ya ishirini akawa amevuka milioni. Mimi nilikuwa nahesabu mara zenyewe kwa vidole ili asiruke. Mara ya thelathini na moja aliandika 2147483648, na mkono ukasimama.

"Imezidi moja," alisema.

"Iondoe."

Akaiondoa. Akakaa chini kwenye mkeka, karibu na kahawa.

Mwalimu akaeleza, na alieleza hata mimi nikaelewa. Mashine haihesabu kwa vidole kumi kama sisi. Ndani yake kuna vijumba vingi vidogo, na kila kijumba ama kimejaa ama ni kitupu, hakuna jambo la tatu. Ukiongeza kijumba kimoja, uwezo wake wa kuhesabu unakuwa mara mbili. Mashine nyingi hutengewa vijumba thelathini na kimoja kwa namba moja. Kwa kuwa inaanza kuhesabu na sifuri, namba ya juu kabisa inayoweza kuishika ni hiyo, vijumba vyote vikiwa vimejaa. Ukiipa kubwa zaidi, baadhi ya mashine huandika ile ya juu kabisa inayoingia na kukaa kimya.

"Simu inayoanza na 255 ina tarakimu kumi na mbili," alisema. "Ni mabilioni zaidi ya mia mbili. Haiingii humo."

"Na inayoanza na sifuri saba?"

"Sifuri ya mbele haina uzito, inadondoka. Inabaki mia saba na kitu milioni. Hiyo inaingia bila shida."

Yuster akageuka akaniangalia. "Kumi na saba," alisema. "Wifi, wale ni wa siku ya kwanza. Kabla Danstan hajapiga."

Nilitaka tuondoke muda uleule. Lakini alikuwa ameshamgeukia mwalimu, anauliza lile lililomsumbua zaidi: kwa nini haigawanyiki.

"Kwa sababu ni namba tasa. Haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe."

Neno hilo kwetu wanawake halitamkwi ovyo, na Yuster ndoa yake ilivunjika bila mtoto. Niliinamisha kichwa. Yeye hakushtuka.

"Una uhakika gani? Umejaribu zote?"

Mzee akacheka, mara ya kwanza. Akaingia ndani akatoka na daftari lenye jalada la kitambaa. Akasema kuna mtu wa Ulaya aliyethibitisha jambo hilo kwa mkono zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita, wakati hakuna mashine, na yeye Bizimana alipostaafu aliamua kurudia. Huhitaji kujaribu namba zote. Ukivuka elfu arobaini na sita na mia tatu arobaini unaweza kuacha, kwa sababu kama kuna kigawanyo kikubwa zaidi ya hapo, mwenzake ni mdogo na ungekuwa umeshampata. Tena namba ya aina hii ina siri: kigawanyo chake chochote, ukikigawa kwa mia mbili arobaini na nane, lazima kibakize moja au sitini na tatu. Wengine wote huna haja nao. Wanabaki mia tatu sabini na watatu, na ukiondoa wanaogawanyika kwa tatu, tano na saba, wanashuka chini ya mia mbili.

"Wa kwanza ni mia tatu na kumi na moja," alisema. "Gawa."

Aligawa. Ikaja milioni sita, laki tisa, elfu tano na tisini na mbili, ikabaki thelathini na tano. Kwenye daftari la mwalimu ilikuwa hivyohivyo.

Tulirudi Nyakahura na lile daftari kwenye mfuko wa rambo. Kesho yake Yuster alikwenda kwa mtendaji, akamwambia hataki daftari la josho, anataka kitu kimoja tu: Danstan aje na kishikwambi mbele ya watu. Mtendaji alimpigia kwa simu ya ofisi, na safari hii kijana akapokea.

Siku aliyokuja, watu walikuwa wengi kuliko kikao cha kwanza. Danstan alianza kueleza juu ya mtandao na hali ya hewa. Yuster akamkatiza kwa upole.

"Kaka, andika namba ya mzee Bulugu. Anza na sifuri, kama anavyoitaja mwenyewe. Itume, kisha uifungue upya."

Danstan akafanya. Akamwonyesha Bulugu, na mjukuu wa Bulugu akaisoma kwa sauti. Ilikuwa yake, imepungua sifuri tu.

"Sasa ifute. Andika kama ulivyonielekeza kwa simu ile jioni."

Akaandika kwa 255. Akatuma, akafungua. Nilimwona akisoma, nikaona anarudia kuisoma tangu mwanzo. Hakumpa mtu mwingine asome. Akasema mwenyewe, polepole, "Mbili, moja, nne, saba, nne..."

Watu wakaanza kuongea wote. Yuster akasubiri, anahamisha uzito mguu huu na huu, kisha akaeleza vile vijumba na ile namba ya juu kabisa. Sidhani kama wengi walifuata. Lakini walikuwa wameona kwa macho.

"Kwa hiyo mwenye simu hii hayupo?" Bulugu aliuliza.

"Hayupo, baba. Haijawahi kuwa simu ya mtu."

"Na wale kumi na saba?"

"Nilianzia nyumbani. Ningeanzia kwako, wewe ndiye ungepata meseji, na baba yangu angekuwa amefiwa na mitamba."

Bulugu hakuomba radhi, na sikutegemea aombe. Wanyama wake walikuwa wameshafukiwa. Alichosema ni, "Basi andika tena. Anza na mimi."

Danstan alibaki baada ya watu kutawanyika. Alimwambia Yuster kwamba aliogopa kupokea simu kwa kuwa hakujua amekosea wapi, na alidhani atafukuzwa kazi. Yuster alimjibu kwamba na yeye hakujua. Waliandika upya orodha nzima kwa siku tisa, wakiwa wawili, wakianza na sifuri kama zile kumi na saba zilizopata meseji. Chanjo ilirudi Juni. Njia ya josho ilifungwa na ng'ombe tangu saa kumi na mbili asubuhi, vumbi likafika barabarani. Bulugu alikuwa amepoteza wengine wawili kabla ya hapo. Baba mkwe wangu alikwenda kwake siku hiyo jioni, wakakaa pamoja.

Nilidhani mambo yameisha. Daftari la josho lilirudi mikononi mwa Yuster, watu walimsalimu kama zamani. Lakini yeye hakutulia hata kidogo. Alikuwa anapita upya kila hesabu kwenye daftari la mwalimu, moja baada ya nyingine, mezani kwangu, juu ya debe la maji, popote. Nilimuuliza anatafuta nini wakati jibu linajulikana. Akasema jibu analijua kwa kuambiwa, na hilo linamwasha.

Agosti alinifuata shambani, mbio.

"Ameruka moja," alisema. "Elfu moja mia tatu na tatu. Haimo. Ametoka elfu moja mia mbili arobaini na moja akaenda mbele."

"Kwa hiyo namba inagawanyika?"

"Hapana. Nimeigawa. Inabaki mia mbili ishirini na sita. Lakini yeye hakujua."

Tukarudi Ntobeye. Mwalimu aliitazama ile nafasi kwenye daftari kwa muda, akipitisha kucha juu ya mstari. Nilihofu atakasirika.

"Miaka tisa," alisema hatimaye. "Miaka tisa najisifia kwa mama Bonifasia kwamba nimethibitisha, na nilikuwa sijathibitisha."

"Ilikuwa moja tu, mwalimu."

"Moja inatosha." Akampa kalamu. "Iandike wewe, kwa mkono wako. Weka na tarehe."

Akaandika. Mama Bonifasia akauliza kama sasa tutakula chakula chake, maana mara ya kwanza tulimwachia sahani imejaa. Tulikula. Yuster alikaa kitini muda wa sahani nzima, na nilikuwa nimeanza kushangaa, mpaka alipouliza swali.

"Za namna hii, za kuzidisha kwa mbili na kuondoa moja, ziko nyingine ambazo ni tasa?"

"Ziko. Si kila moja lakini. Zidisha mara kumi na moja uondoe moja, unapata elfu mbili na arobaini na saba. Hiyo inagawanyika kwa ishirini na tatu. Hadi sasa duniani zimepatikana hamsini na mbili zilizo tasa. Za mwisho zina tarakimu mamilioni, zinatafutwa kwa mashine."

"Zinaisha?"

"Hakuna anayejua."

"Hata hao wenye mashine?"

"Hata hao."

Yuster akaweka sahani chini. Alisimama, akatoka uani, na kupitia mlango nilimwona akitembea kati ya mikeka ya kahawa, akienda na kurudi, midomo ikicheza. Mwalimu aliniuliza kama huwa yuko hivi siku zote. Nilimwambia ndiyo, na kwamba gari la mwisho kutoka Benako linaondoka saa kumi na moja, kwa hiyo mtu amwite.